Ferruccio Lamborghini: Fundi wa Trekta Aliyeachia Mbogi ya Vijana Iunde Miura

Uliza msee yeyote kwa base ni nani aliunda Lamborghini, atakuangalia kama umemuuliza ugali hupikwa na unga gani. Jibu si liko kwa jina? Kulikuwa na mzee Mwitaliano, akakosana na Ferrari, akaamua kuunda ndai yake. Stori imeisha, twende.

Tulia kwanza. Hiyo stori ni nusu. Gari iliyofanya dunia nzima ishike adabu ikisikia jina Lamborghini inaitwa Miura, na mzee mwenyewe hakuwa anaitaka. Ilitoka kwa vichwa vya vijana ambao hakuna hata mmoja alikuwa amefika miaka 30, na mwanzoni waliichora usiku baada ya kazi. Kile Ferruccio alifanya ni kitu ambacho wadosi wengi huwashinda: aliwaachia njia.

Huyu buda alikuwa nani basi?

Mtoto wa shamba, mikono ya grisi

Ferruccio Lamborghini alizaliwa tarehe 28 Aprili 1916 pale Renazzo, kijiji kilicho karibu na mji wa Cento, kaskazini mwa Italia. Babake Antonio na mamake Evelina walikuwa wakulima wa zabibu. Hakuna kitu cha kifalme hapo. Ni jembe, udongo, na kuombea mvua inyeshe kwa wakati.

Kijana hakuvutiwa na mizabibu. Alivutiwa na mashine za shamba, hasa zikiharibika. Akasomea ufundi karibu na Bologna, kisha vita vikamkuta. Mwaka wa 1940 aliitwa jeshini, kikosi cha anga, akapelekwa kisiwa cha Rhodes. Leo kisiwa hicho ni cha Ugiriki, lakini wakati huo kilikuwa mikononi mwa Italia. Hakurusha ndege. Alikuwa fundi wa magari, na mwishowe akawa ndiye anasimamia kitengo chote cha kurekebisha magari hapo.

Fikiria hiyo kazi. Uko kisiwani, vita vimechacha, na gari la jeshi lazima litembee kesho asubuhi. Huwezi kutuma kijana aende dukani. Unatoa kipuri kwa gari lililokufa, unakichonga, unakilazimisha kikae kwa lingine. Fundi yeyote wa Grogan anaijua hiyo shule bila kuelezwa. Haina cheti, lakini ukihitimu umehitimu.

Mwaka wa 1945 Waingereza walichukua kisiwa, na Ferruccio akawa mfungwa wao. Alirudi nyumbani 1946, akafungua gereji, akaanza maisha na mkewe, Clelia Monti. Mwaka wa 1947 Clelia alijifungua mtoto wa kiume, Tonino. Uzazi huo ndio ulimuua mama. Jamaa ana miaka 31, ametoka vitani juzi, amebaki na gereji, kaburi, na mtoto mchanga mikononi.

Vyuma vya vita vikawa trekta

Italia baada ya vita ilikuwa na njaa. Wakulima walitaka kulima, lakini trekta mpya ilikuwa ndoto. Kwa upande mwingine, malori na vyuma vya jeshi vilikuwa vimetapakaa kila kona, vinauzwa bei ya kutupa.

Ferruccio aliona kile wengine walikuwa wanapita wakikiita takataka. Alichukua injini za malori ya Morris, akaziunganisha na vyuma vingine vya vita, akatoa trekta. Aliipa jina Carioca. Shida ilikuwa petroli, kwa sababu bei yake ingemmaliza mkulima. Basi akabuni kifaa cha kuyapasha na kuyafanya mafuta yawe mvuke, ili injini iwake kwa petroli kidogo, halafu iendelee kwa dizeli ambayo ilikuwa rahisi. Hiyo ndiyo iliuza trekta zake. Hakuanza na ndoto ya ubilionea, alianza na mfuko wa mkulima aliyesota.

Kampuni ya trekta ilisimama mwaka wa 1948. Mwaka huohuo Ferruccio alijaribu mashindano ya magari. Alichukua Fiat Topolino, kale kagari kadogo kama kiatu, akaipanua injini, akajitosa kwa Mille Miglia, mbio ya kilomita zaidi ya elfu moja kuzunguka Italia. Baada ya kama kilomita 1,100, akaingia na gari ndani ya mkahawa kando ya barabara. Si kuingia kula. Aliingia na ukuta wote.

Kumbuka hiyo ajali. Tangu hapo mzee hakutaka kusikia mambo ya mashindano, na hiyo ndiyo ngori itakayoleta Miura.

Fahali wawili zizi moja

Kufikia miaka ya 1950 chapaa ilikuwa inaingia vizuri. Lamborghini ilikuwa moja ya kampuni kubwa za trekta Italia, na mwisho wa muongo huo mzee akaongeza biashara ya mitambo ya kupasha nyumba joto. Alianza kupiga luku ya magari: Alfa Romeo, Lancia, Mercedes 300SL, Jaguar E-Type, Maserati. Na bila shaka, Ferrari 250 GT.

Hapa ndipo stori maarufu inaanza. Klachi ya Ferrari ilikuwa inamsumbua. Anapeleka gari kiwandani Maranello, inarekebishwa, inaharibika tena. Inavyosimuliwa, alipoifungua kwa gereji yake aligundua klachi yenyewe haikuwa tofauti sana na zile anafunga kwa trekta, tofauti kubwa ilikuwa bei. Akaenda kumwambia Enzo Ferrari, na Enzo akamrudisha kwa trekta zake. Maneno kamili yamesimuliwa kwa njia nyingi hadi kila mtu ana yake. Ila wahenga walishasema fahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikuwa fahali kweli. Ferruccio hata nyota yake ya kuzaliwa ilikuwa Taurus, ndiyo maana nembo ya gari zake ni fahali.

Lakini usidhani aliweka pesa zote kwa hasira. Huyu alikuwa mfanyabiashara. Alipiga hesabu, akaona faida iliyo kwa gari la kifahari ni kubwa kuliko ya trekta. Hasira ilimwasha, hesabu ndiyo ilimwendesha.

Mwaka wa 1963 akafungua kiwanda kipya pale Sant'Agata Bolognese, si mbali na Ferrari. Injini alimpa Giotto Bizzarrini, injinia aliyewahi kufanya kazi na Enzo mwenyewe. Jamaa akatoa V12 ya lita 3.5. Oktoba mwaka huo gari la kwanza, 350 GTV, likapelekwa maonyesho ya Torino. Kasheshe ni kwamba injini ilikataa kutoshea ndani ya gari. Wakafanya nini? Wakajaza vigae mbele ili gari likae chini vizuri, wakafunga boneti, na mzee akahakikisha hakuna mtu anaifungua siku zote za maonyesho. Mwaka uliofuata likaja gari lenye injini kweli, 350 GT, na likakubalika.

Kazi ya usiku

Sasa tuje kwa mbogi.

Gian Paolo Dallara alikuwa injinia mkuu. Paolo Stanzani alikuwa msaidizi wake. Bob Wallace, kijana kutoka New Zealand, alikuwa fundi na dereva wa majaribio. Mwaka wa 1965 wote walikuwa na miaka ishirini na kitu, na wote walikuwa na ugonjwa mmoja: mashindano. Mzee alikuwa ameweka sheria kwamba kampuni yake haishiriki mashindano. Yeye alitaka gari la muungwana, tulivu, lenye starehe, injini ikiwa mbele kama kawaida.

Vijana hawakugoma wala hawakumtukana kwa korido. Walingoja kazi iishe, wakakaa usiku wakichora gari lao. Wazo lilikuwa kutoa injini mbele na kuiweka katikati, nyuma ya dereva lakini mbele ya magurudumu ya nyuma. Hivyo ndivyo magari ya mashindano yalikuwa yameanza kuundwa, kwa sababu uzito ukikaa katikati gari hukata kona vizuri zaidi.

Shida ni kwamba V12 ni ndefu. Ukiilaza kwa urefu na gia nyuma yake, gari linakuwa refu kama basi. Basi wakaigeuza, wakailaza kwa upana, kisha gia na injini vikakaa ndani ya chuma kimoja vikitumia oili moja. Wazo hilo walilitoa kwa Mini, kale kagari ka Waingereza ka bei ya mwananchi. Yaani gari la matajiri lilijifunza kutoka kwa gari la hasla.

Walipompelekea mzee, angeweza kuwafuta wote. Walikuwa wamekwenda kinyume na alichotaka, kwa kampuni yake. Ferruccio akaangalia, akakubali. Hakuamini kwamba gari hilo lingeuza, aliliona kama tangazo tu, wanunue wachache, jina litajwe. Lakini aliwapa nafasi na pesa.

Novemba 1965 wakapeleka Torino chasi tupu, haina hata bodi. Ni chuma kilichotobolewa mashimo kupunguza uzito na V12 imekaa katikati. Watu wakajaa. Nuccio Bertone, mwenye karakana ya kuunda bodi, akachukua kazi ya kuivalisha. Naye akamkabidhi kijana mwingine aliyekuwa ameajiriwa juzi tu: Marcello Gandini, miaka 27.

Machi 1966, kwa maonyesho ya Geneva kule Uswizi, Miura ikatoka. Rangi ya machungwa, chini kabisa, taa za mbele zina kope kama za dame. Jina lilitoka kwa familia ya Miura ya Uhispania, wafugaji wa fahali wa kupigana. Oda zikaanza kumiminika. Mzee aliyedhani atauza chache akajikuta na foleni.

Kwa jumla zilitengenezwa kama 760 hivi, kati ya 1966 na 1973. Ya kwanza ilikuwa na injini ya lita 3.9 na nguvu za farasi 350. Ya mwisho, SV, ilifika 385. Kasi ilikuwa zaidi ya kilomita 270 kwa saa, enzi ambayo magari mengi yalitetemeka yakifika 120.

Kila moja na bahati yake

Usidanganyike, Miura haikuwa malaika. Tangi lilikuwa mbele, kwa hivyo mafuta yakipungua pua inakuwa nyepesi, na kwa kasi gari linataka kuinuka. Kabureta zilikuwa nyuma tu ya kichwa cha dereva, na petroli ikidondoka kwa injini moto, jibu unalo. Miura kadhaa ziliishia majivu. Oili ile moja ya injini na gia nayo ilileta malalamiko, hadi zile SV za mwisho zikatenganishiwa.

Na kila gari lilienda kutafuta maisha yake kama watoto wa nyumba moja.

Moja ilibaki ya pekee: Miura ya wazi, bila paa, iliyoonyeshwa Brussels, Ubelgiji, Januari 1968. Watu walitokwa mate, lakini haikuingia kiwandani. Ilinunuliwa na shirika la utafiti wa madini ya zinki, likaivunja, likabadilisha vyuma vingi viwe vya zinki na kuipaka kijani. Gari la pekee duniani likawa bango la matangazo ya madini. Miaka arobaini baadaye ndiyo ilirudishwa ilivyokuwa mwanzo, ikaonekana California mwaka wa 2008.

Nyingine ilikuwa mtoto wa Bob Wallace. Kiu ya mashindano haikumtoka, basi mwaka wa 1970 akaunda Miura nyepesi na kali iliyoitwa Jota. Ilikuwa moja tu. Iliuzwa, na mwaka wa 1971 ikapata ajali kwa barabara mpya karibu na Brescia iliyokuwa bado haijafunguliwa, ikateketea yote. Tajiri waliosikia habari zake wakaanza kutaka zao zifanyiwe hivyo. Mmoja wao alikuwa Shah wa Iran. Yake ilipelekewa Uswizi mwaka wa 1971. Mapinduzi ya 1979 yakamfagia Shah, gari likabaki kwa wenye nchi wapya. Mwaka wa 1997 likapigwa mnada Geneva, na mwigizaji Nicolas Cage akalinyakua kwa karibu nusu milioni ya dola.

Kuna ile ya filamu ya The Italian Job ya 1969, inayopanda milima ya Alps mwanzoni kabisa kisha inaingia kwa handaki na kulipuka. Wengi waliihurumia bure. Ile iliyotupwa bondeni ilikuwa nyingine, iliyoharibika tayari. Ile nzima ilirudi ikauzwa kimya kimya, na mwaka wa 2019 kiwanda kikathibitisha kwamba ndiyo yenyewe.

Miles Davis, mfalme wa tarumbeta, alikuwa na yake pia. Mwaka wa 1972 aliigonga New York, akavunjika vifundo vya miguu yote miwili.

Kujua kuondoka

Wakati matajiri wanang'ang'ania Miura, mwenye jina alikuwa anazama polepole. Wanasema kila kitu kilianza na trekta, na kwa trekta ndiko nyumba iliingia maji. Kampuni ilikuwa imepata oda kubwa kutoka Bolivia. Mwaka wa 1971 jeshi likapindua serikali huko, oda ikafutwa, na trekta ziko tayari zinatengenezwa. Viwandani Italia nako wafanyakazi walikuwa wanagoma kila uchao. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 biashara ya trekta ikaenda kwa kampuni ya SAME.

Mwaka wa 1972 mzee akauza asilimia 51 ya kampuni ya magari kwa Georges-Henri Rossetti, Mswizi, kwa dola 600,000. Mwaka wa 1974 zile 49 zilizobaki zikachukuliwa na rafiki yake Rossetti, René Leimer. Mwaka huohuo Countach, gari lingine la Gandini na Stanzani, likaanza kuuzwa. Dallara alikuwa ameshaenda kitambo, mwaka wa 1969, kufuata mashindano aliyonyimwa. Baadaye alifungua kampuni yake, na leo chasi za IndyCar kule Marekani zote zinatoka kwake.

Kuna wadosi ambao wangekaa hapo hadi mwisho, wakibishana na wenye hisa, wakilia kwa magazeti. Ferruccio alienda zake Umbria, karibu na Ziwa Trasimeno, kwa shamba alilokuwa amenunua mapema. Akapanda zabibu, zilezile za wazazi wake alizozikimbia utotoni, na divai yake nyekundu akaiita damu ya Miura. Wakati yeye anapogoa mizabibu, kampuni aliyoiacha ilifilisika mwaka wa 1978, ikarushwa kutoka mkono hadi mkono. Alipofariki ilikuwa ya Chrysler ya Marekani. Audi ya Ujerumani waliichukua 1998.

Moyo ulimsimamisha mapema mwaka wa 1993. Alilazwa hospitali huko Perugia, na tarehe 20 Februari akafariki, miaka 76. Ni zaidi ya miaka 30 sasa.

Watu bado wanamsimulia kama mtu aliyemwonyesha Ferrari kivumbi. Sawa, alimwonyesha. Lakini kiburi peke yake kingetoa gari moja zuri la kutuliza roho ya mzee mmoja. Miura ilitoka kwa sababu usiku mmoja mwenye pesa aliletewa karatasi na vijana waliojua kitu ambacho yeye hakujua, na hakuona aibu kuwaacha wajue.

Mwanawe Tonino, yule aliyebaki mchanga mwaka wa 1947, ndiye aliyemjengea makumbusho karibu na Bologna. Ukiingia utakuta Miura SV ambayo mzee aliiendesha mwenyewe. Chini ya paa hilohilo kuna Carioca, trekta ya vyuma vya vita, bado imesimama.